Ukishika Pesa za Ndugu Yako

Barua ya Social Security ikifika na kusema kwamba kuanzia mwezi ujao pesa za ulemavu za mdogo wako, za mwanao aliyekwisha kuwa mtu mzima au za shangazi yako zitapitia mikononi mwako, familia nyingi za Waswahili huku Marekani hushukuru Mungu. Sasa kodi ya nyumba italipwa kwa wakati, simu haitakatwa, na pesa hazitaishia kwa marafiki wa siku ya malipo. Furaha hiyo ina sababu. Lakini barua hiyo imewapa kazi yenye sheria zake, na imegusa undugu wenyewe. Jana ulikuwa dada tu. Leo wewe ndiye anayeombwa pesa za sigara, na ndiye anayesema leo hapana.

Nawaandikia ndugu wa namna hiyo: waliokuja kwa ukimbizi wakitokea Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, waliopata bahati nasibu ya viza wakiwa Mombasa au Moshi, na waliozaliwa hukuhuku na wazazi wasiosoma barua za Kiingereza. Nyumbani mwao yumo mtu mzima mwenye skizofrenia, baipola au sonona nzito isiyomruhusu kufanya kazi. Mimi nimeshika pesa za mdogo wangu kwa miaka, na nimewasindikiza wengine ofisini kama mkalimani. Ninaloliamini kuliko yote ni kwamba pesa hizi ni za mgonjwa, na jinsi unavyozishika mbele ya macho yake itamsaidia kupona au itamrudisha nyuma.

Kwanza ujue ni pesa zipi, kwa sababu watu huziita zote kwa jina moja. SSI ilianza kulipwa mwaka 1974, na ni ya mtu mlemavu au mzee mwenye kipato kidogo na mali kidogo, hata kama hajawahi kufanya kazi. Mwaka huu wa 2026 kiwango cha serikali kuu ni dola 994 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na baadhi ya majimbo huongeza kidogo. SSDI ni ya aliyefanya kazi na kukatwa makato ya Social Security kwa muda wa kutosha kabla ya kuugua. Yupo pia mtu wa tatu ambaye familia zetu humsahau: mtu mzima ambaye ulemavu wake ulianza kabla hajatimiza miaka 22, na mzazi wake amestaafu, ni mlemavu au amefariki baada ya kuchangia mfuko huo. Huyu anaweza kulipwa kupitia rekodi ya mzazi. Magonjwa makubwa ya akili mara nyingi huanza kati ya miaka kumi na minane na ishirini na kitu, kwa hiyo tarehe ya dalili za kwanza ina uzito. Tafuta karatasi za shule na za hospitali za wakati ule kabla hazijapotea.

Tofauti hizi zitakufuata kila siku. SSI ina kikomo cha mali, SSDI haina. SSI hupungua mtu akikaa bure kwa jamaa, SSDI haipungui kwa sababu hiyo. Mengi ya masharti nitakayoyataja hapa chini ni ya SSI, maana ndiyo wengi wetu tuliyo nayo.

Mtu anayepokea pesa kwa niaba ya mwingine nitamwita mwakilishi wa malipo. Kwenye barua utaona maneno Representative Payee. Ni Social Security wenyewe wanaomteua, na hakuna njia ya mkato. Nimewaona watu wakienda kwa mwanasheria au kwa mthibitishaji wa nyaraka, wakalipia hati ya uwakili, wakaipeleka ofisini wakidhani mambo yamekwisha. Social Security haiitambui hati hiyo kwa kazi hii. Hata hati ya mahakama inayokufanya mlezi haikufanyi mwakilishi wa malipo mpaka uombe. Na kushika kadi ya benki ya ndugu yako pamoja na namba yake ya siri, huku jina lako halijulikani ofisini, ni kujiweka pabaya hata kama nia yako ni safi: siku atakapolalamika kwamba umemwibia, hutakuwa na karatasi yoyote ya kukutetea.

Ombi hujazwa kwenye fomu SSA-11, na kwa kawaida utahojiwa ana kwa ana. Daktari wake ataulizwa kama mgonjwa anaweza kusimamia pesa zake mwenyewe. Naye mgonjwa hupelekewa barua, na ana haki ya kukataa kuwekewa mwakilishi, au kukukataa wewe na kumtaka mwingine. Mweleze haya kabla hujaomba. Zungumza naye siku ametulia, umwambie kwa lugha ya kawaida kwa nini unafikiri hivyo: umefukuzwa nyumba mara mbili, umeme ulikatwa wakati wa baridi, nataka tulizuie hilo. Usiruhusu akasikie habari hizi kwa mara ya kwanza kutoka kwenye bahasha. Mtu ambaye ugonjwa wake tayari unamwambia kwamba watu wanamvizia, akifungua barua inayosema dada yake atachukua pesa zake, ataamini kila alichokiogopa.

Mkalimani wa ofisi ni bure, Kiswahili kimo. Sema mapema unapochukua miadi. Tafadhali usimpeleke mtoto wa shule akatafsiri ugonjwa wa mjomba wake. Mtoto hapaswi kubeba maneno hayo, na hatayatafsiri sawasawa.

Ukishateuliwa, fungua akaunti mpya. Usitumie akaunti yako, usitumie ya mume wako, wala ile ya pamoja ambayo ndugu yako ana kadi yake. Akaunti iandikwe kwa namna inayoonyesha kwamba pesa ni zake na wewe ni mwakilishi tu. Benki nyingi zinajua maneno yanayotakiwa ukiwaonyesha barua ya uteuzi. Yeye mwenyewe hatakiwi kuwa na uwezo wa kutoa humo moja kwa moja, na jambo hili mwambie wazi pia. Ikitokea ukanunua kitu chake kwa pesa zako, andika, weka risiti, kisha jirejeshee kiasi hichohicho kutoka kwenye akaunti yake. Usijilipe mshahara. Ndugu anayemshikia ndugu yake pesa haruhusiwi kuchukua ujira kwa kazi hiyo, ingawa gharama halisi ulizoingia kwa ajili yake, kama stempu za barua, unaweza kurudishiwa.

Mpangilio wa matumizi umewekwa na sheria, nao una busara: chakula na makazi kwanza, halafu matibabu na vitu vya mwilini mwake kama nguo na sabuni, halafu starehe zake, na kinachobaki kiwekwe akiba kwa jina lake. Deni lake la zamani la kadi ya mkopo halitangulii kodi ya mwezi huu, hata wanaodai wakipiga simu mara kumi.

Makazi yanataka maelezo, kwa sababu hapa ndipo ukarimu wetu hugeuka hasara. Kwetu ndugu mgonjwa halipi kodi nyumbani kwa dada yake. Anakula, analala, basi. Social Security wakijua kwamba anakaa bure, wanaweza kumpunguzia SSI kwa theluthi moja ya kiwango cha serikali kuu, takribani dola 331 kwa mwezi kwa viwango vya mwaka huu. Tangu tarehe 30 Septemba 2024 chakula hakihesabiwi tena, lakini makazi bado yanahesabiwa: kodi au mkopo wa nyumba, umeme, gesi, maji, taka. Dawa yake ni kumlipisha fungu lake halisi. Chukua gharama zote za nyumba za mwezi, gawanya kwa idadi ya watu wanaokaa humo, watoto wakiwemo. Kama kodi na huduma ni dola 1,800 na mko sita, fungu lake ni dola 300. Alipe 300 kila mwezi kutoka kwenye akaunti yake kwenda kwako, kwa njia inayoacha alama benki, na ofisi iarifiwe. Kuna akina mama wanaoona haya kumtoza mtoto wao mgonjwa kodi. Nawaelewa. Lakini ukimlipisha 300 anabaki na karibu dola 700. Ukimkaliza bure anaweza kubaki na karibu 660, na wewe umebeba gharama yote peke yako.

Sasa nije kwenye jambo linalovunja familia nyingi kuliko fomu zote: pesa za mfukoni.

Mpangie kiasi, mpange pamoja, na siku isibadilike. Baada ya kodi, chakula na simu, mtaona kimebaki nini. Gawanyeni kwa wiki. Kwa mtu ambaye akipewa dola 200 leo kesho hana hata moja, dola 50 kila Ijumaa ni bora, na kwa mwingine dola 20 mara mbili kwa wiki hufaa zaidi. Siku ya kumpa iwe siku ya kumpa, hata kama mmegombana jana usiku, hata kama hajaoga wiki nzima. Pesa hizo akishazipokea ni zake kabisa. Akinunua sigara, soda za kopo, kiatu cha tatu cha aina ileile, ni haki yake, kama wewe unavyonunua usivyovihitaji bila kumwomba mtu ruhusa. Unaweza kumwambia sigara zinamharibu mapafu. Usimwambie kwamba kwa sababu hiyo Ijumaa hii hapati.

Kuna kishawishi kingine kikubwa zaidi, cha kuzifanya pesa kuwa fimbo ya dawa. Meza vidonge ndiyo nikupe. Nenda ukachomwe sindano ya mwezi ndiyo tutazungumza. Nimesikia wazazi wema kabisa wakisema hivyo, na najua hofu iliyo nyuma ya maneno hayo, maana wameshamwona mtoto wao akitembea bila viatu kwenye theluji. Hata hivyo usifanye. Barua ya uteuzi ilikupa mamlaka juu ya malipo hayo tu. Haikukupa mamlaka juu ya matibabu yake, wala juu ya pesa nyingine alizo nazo. Na kwa vitendo, anayelazimishwa hivyo hujifunza kuficha vidonge chini ya ulimi na kumwona ndugu yake kama askari. Matibabu mzungumzie na daktari, pesa zizungumzie siku ya pesa.

Na atakushuku. Hili liweke akilini tangu mwanzo ili lisikuvunje moyo. Wagonjwa wengi wa skizofrenia hupitia vipindi vya kuamini kwamba wanaibiwa, na wewe uliyeshika akaunti ndiye wa karibu kushukiwa. Kumbishia hakusaidii, na kiapo hakisaidii. Kinachosaidia ni karatasi, iliyokuwepo kabla ya shutuma. Mwanzoni mwa kila mwezi keti naye mezani na taarifa ya benki. Onyesha kilichoingia, kodi iliyotoka, chakula, simu, pesa zake za kila wiki, kilichobaki. Akitaka nakala, mpe. Akitaka kuuliza jambo lilelile mara nne, mjibu mara nne. Kuna miezi atakapoitazama karatasi na kunyamaza, na kuna miezi atakapoichana. Mwezi unaofuata keti naye tena. Nimeona mtu aliyekuwa akimwita kaka yake mwizi mbele ya watu, baada ya muda mrefu wa kuonyeshwa taarifa ile, akiileta mwenyewe mezani na kuuliza kwa nini bili ya simu imepanda.

Tafuta pia shahidi ndani ya familia, mtu ambaye mgonjwa anampenda na ambaye hashiki pesa: shangazi, binamu, jirani wa siku nyingi. Aione hesabu mara kwa mara. Siku jamaa watakapoanza kunong'ona, yeye atasema anachokijua.

Maana jamaa watanong'ona, na wataomba. Habari kwamba kuna pesa za serikali zinazoingia kila tarehe mosi hufika Bukavu na Kigoma haraka sana. Utapigiwa simu kuhusu ada ya shule, msiba, mchango wa harusi ya binamu. Utaambiwa kwamba mgonjwa naye ni mwana ukoo na anapaswa kuchangia. Jibu lako liwe fupi na lisibadilike: pesa hizi nazishika kwa niaba yake, sina ruhusa ya kuzitoa. Hiyo ni kweli tupu. SSI yake ni ya mahitaji yake. Mwakilishi anayezituma kwingine anazitumia vibaya, na sheria inamdai azirudishe. Kwa makusudi ni kosa la jinai. Tena kutoa mali bure ili ipungue kunaweza kumnyima mgonjwa SSI kwa muda unaofika miezi 36. Ukitaka kuchangia msiba, changia kwa pesa zako na useme ni zako. Mgonjwa naye akiamua kutoa dola kumi za mfukoni mwake kwenye kapu la msikiti au sadaka ya kanisani, mwache atoe kwa mkono wake. Anahitaji kuwa mtu anayetoa, kama watu wengine.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Kikomo cha mali kwa mtu wa SSI ni dola 2,000, na hakijapandishwa tangu 1989. Ukaguzi unaangalia alichonacho mwezi unapoanza. Nyumba anayoishi akiwa mmiliki haihesabiwi, wala gari moja la matumizi. Lakini pesa za benki zinahesabiwa, kwa hiyo asije mtu akaomba kuhifadhi pesa za kikundi au za harusi kwenye akaunti yake kwa siku mbili tatu. Kiwanja au shamba lililoandikwa jina lake kule Kitale au Goma nalo huulizwa, kwa sababu mali iliyo nje ya Marekani inahesabiwa pia. Ikiwa babu anagawa urithi, zungumzeni na mwanasheria wa msaada wa bure kabla hati hazijaandikwa.

Akiba ikianza kukaribia dola 2,000 usisubiri. Mnunulie kitanda kizuri, mpeleke kwa daktari wa meno, lipa bima ya mazishi ikiwa inaruhusiwa kwenye jimbo lenu. Au mfungulie akaunti ya ABLE, akaunti maalumu ya watu wenye ulemavu ambayo SSI haihesabu dola 100,000 za kwanza zilizomo. Zamani ilikuwa kwa waliopata ulemavu kabla ya miaka 26 tu. Tangu tarehe 1 Januari 2026 umri huo umepanda hadi kabla ya miaka 46, na wagonjwa wengi waliofungiwa nje sasa wanaingia. Malipo ya nyuma ya SSI yakiwa makubwa hugawanywa mafungu, kwa kawaida yasiyozidi matatu, yaliyopishana miezi sita, na kila fungu haliguswi na kikomo kile kwa miezi tisa. Katika miezi hiyo fanyeni mipango bila haraka. Pesa nyingi za ghafla humtisha mgonjwa na huwaita watu wasiomtakia mema.

Mabadiliko yote yanatakiwa kuripotiwa ofisini kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata kupita. Amehama, ameoa, amepata kibarua, mtu mwingine amehamia nyumbani mwenu: ripoti, kisha tunza ushahidi kwamba umeripoti. Kazi isiwatishe. SSI huacha dola 65 za kwanza za mshahara, na dola 20 nyingine kama hana kipato kingine, kisha hupunguza dola moja kwa kila mbili anazopata. Kijana anayeosha vyombo saa chache kwa wiki anabaki na zaidi, na anapata sababu ya kuamka.

Hospitali na jela zina hesabu yake. Akikaa mwezi mzima wa kalenda kwenye hospitali ya jimbo ya magonjwa ya akili, SSI inaweza kusimama. Kwenye taasisi ambako Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, inalipa zaidi ya nusu ya gharama, hushuka hadi dola 30. Ila sheria ina mlango: daktari akithibitisha kwamba hatarajiwi kukaa zaidi ya miezi mitatu, na wewe ukaeleza kwamba kodi ya nyumba yake lazima iendelee kulipwa ili apate pa kurudi, malipo kamili yanaweza kuendelea kwa miezi hiyo. Karatasi hizo ziwe zimefika Social Security kabla hajatoka hospitalini. Mwombe mhudumu wa jamii wa wodi akusaidie nazo siku za mwanzo, maana wiki ya mwisho kila mtu ana haraka. Akifungwa jela mwezi mzima, SSI husimama. Usimamishaji ukifikisha miezi 12 mfululizo, atalazimika kuomba upya kutoka mwanzo. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda yako.

Na safari. Hapa nawasihi kwa moyo wote, kwa sababu familia zetu hupenda kumrudisha mgonjwa nyumbani akaombewe, akasomewe, au akapumzike shambani kwa bibi. Akiwa nje ya Marekani kwa siku 30 mfululizo, au kwa mwezi mzima wa kalenda, SSI husimama, na haianzi tena mpaka awe amerudi na kukaa siku 30 mfululizo. Wiki tatu kwa bibi zinawezekana. Miezi mitatu itakatisha malipo, na Medicaid inaweza kufuata mkumbo. Mkiamua aende kwa muda mrefu, muwe mmeamua mkijua, ofisi iwe imearifiwa, na dawa zake za safari nzima ziwe kwenye begi la mkononi.

Kwa wakimbizi kuna saa nyingine inayogonga. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi anaweza kupata SSI kwa miaka saba tu. Baada ya hapo wengi hukatwa, isipokuwa awe amekuwa raia au ametimiza masharti mengine ya sheria. Mgonjwa ambaye hawezi kujifunza Kiingereza wala historia ya Marekani kwa sababu ya ugonjwa wake anaweza kusamehewa mtihani wa uraia kwa fomu N-648, ambayo hujazwa na daktari au mwanasaikolojia wa tiba. Fomu hiyo hukataliwa ikiandikwa kijuujuu, kwa hiyo daktari aeleze hasa ugonjwa unavyomzuia kujifunza na kukumbuka. Anzeni mara tu anapofikisha muda wa kuomba uraia. Msisubiri mwaka wa saba.

Hesabu zenyewe si ngumu. Daftari moja au jedwali kwenye simu, bahasha ya risiti kwa kila mwezi, na vyote vitunzwe angalau miaka miwili. Kila mwaka baadhi ya wawakilishi hupelekewa fomu SSA-623 inayouliza kiasi kilichotumika kwa chakula na makazi, kiasi kilichotumika kwa mengine, na kilichowekwa akiba. Sheria ya mwaka 2018 iliwaondolea fomu hiyo wenzi wa ndoa, na wazazi wanaoishi nyumba moja na mtoto wao mlemavu. Kaka, dada na wajomba bado wanaijaza. Hata aliyesamehewa fomu hakusamehewa kutunza rekodi, na ofisi inaweza kuziomba siku yoyote.

Barua ikija kusema amelipwa zaidi na anadaiwa, soma tarehe kwanza. Una siku 60 za kukata rufaa. Kama barua inasema SSI itapunguzwa au kusimamishwa, ukikata rufaa ndani ya siku 10 tangu uipokee unaweza kuomba malipo yaendelee mpaka uamuzi wa kwanza. Kama kosa si lake na kulipa kutamwacha bila chakula au nyumba, omba asamehewe deni kwa fomu SSA-632. Ofisi za msaada wa sheria bila malipo hushughulikia mambo haya kila siku. Usitie saini mpango wa kulipa kwa sababu ya woga tu.

Tangu mwaka 2020 mtu mzima anayepokea au kuomba malipo, akiwa bado na uwezo wa kusimamia mambo yake, anaweza kutaja mapema hadi watu watatu ambao angependa wamshikie pesa siku akishindwa. Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka hii ni nafasi ya thamani. Katika miezi yake mizuri muulize angemtaka nani, na muandikishe majina hayo.

Na mwulize pia kama angependa kuzishika mwenyewe tena. Watu hupata nafuu. Dawa zinakubali, usingizi unarudi, anajua bili ya umeme ni kiasi gani. Anza kumwongezea: wiki mbili kwa mpigo badala ya moja, kisha alipe simu yake mwenyewe, kisha aende dukani na bajeti ya chakula ya mwezi mzima. Yakienda vizuri kwa muda wa kutosha, daktari aandike barua, naye aombe Social Security imlipe moja kwa moja. Mwunge mkono kwa maandishi. Kama ni wewe unayechoka au unahama, usimkabidhi binamu akaunti kimyakimya. Mwambie ndugu yako kwanza, kisha iarifu ofisi ili mwakilishi mpya aombe na kuteuliwa. Akiba iliyobaki, pamoja na faida yake, hurudishwa Social Security, nao ndio watakaoipeleka kwa atakayefuata. Omba stakabadhi ya kiasi ulichorudisha, mpe ndugu yako nakala, na nyingine ibaki kwenye bahasha yako ya rekodi.